UFAFANUZI KUHUSU TUME YA ARDHI YA PROFESA SHIVJI NA MASHAMBA YA VIJIJI VYA MTWARA

Watumishi wa Serikali na wakazi wa Visiwani wenye mashamba ya urithi Mtwara, hadi maingilio ya mto Ruvuma, wanafahamishwa chanzo cha sheria inayotawala ardhi hiyo. Ardhi si jambo la Muungano. Unguja na Pemba zina sheria yake ya mwaka 1992.

Profesa Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa mwaka 1946, alianza kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Maandishi yake juu ya matabaka na dola yalikuwa makali, wala hakuwa mtu wa kuisifu Serikali. Hata hivyo, Januari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi alimteua kuwa Mwenyekiti wa Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi. Tume iliwasikiliza wananchi hadharani. Malalamiko mengi yalitokana na Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, jambo linalofahamika vyema Mtwara, ambako watu walihamishwa wakaacha mikorosho yao mbali na makazi mapya.

Taarifa ilikabidhiwa Novemba 1992. Pendekezo lake zito lilikuwa kwamba ardhi ya kijiji iwe chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji wenyewe, si chini ya mamlaka ya mwisho ya Rais. Serikali haikulikubali. Sera ya 1995 ilibakiza ardhi yote kuwa mali ya umma, Rais akiwa mdhamini, na ndivyo zilivyotungwa Sheria Na. 4 na Na. 5 za 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Kwa mujibu wa kifungu cha 4 cha Sheria Na. 5, Rais aweza kuhawilisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Eneo likiwa chini ya hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji hukubali au hukataa; likizidi hapo, mwenye kuamua ni Waziri, na wanakijiji hutoa maoni. Kwa watu wa Msimbati, penye gesi asilia iliyogunduliwa mwaka 1982 na hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2000, kifungu hicho chastahili kusomwa kwa makini.

Mwenye shamba la kimila kijijini aweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa Halmashauri ya Kijiji. Mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuipata.