Sura ya 7: Sahani ya Samaki pale Benaco

Dereva wa lori aendaye Kigali au Bujumbura akishuka Benaco saa ya chakula cha mchana, hakosi mgahawa wenye ugali samaki kwa bei anayoimudu. Mara nyingi kipande kinachomfikia ni chembamba, kimekaangwa mpaka kikakauka, na mchuzi hauwezi tena kukiokoa. Lawama zote humwangukia mama lishe. Lakini kasoro hiyo kwa kiasi kikubwa hutokea kabla samaki hajafika jikoni kwake.

Tuanze na umbali. Benaco, wilayani Ngara, iko zaidi ya kilomita 100 kutoka mialo ya Ziwa Victoria. Samaki akishakufa, vimeng'enya vya mwili wake huanza kuilainisha nyama. Kisha bakteria waliokuwa kwenye ngozi, matamvua na utumbo huishambulia. Joto huiharakisha kazi hiyo. Sangara aliyefukiwa kwenye barafu hudumu zaidi ya wiki mbili. Asiye na barafu hafiki kesho yake akiwa mzima. Kwa hiyo anayenunua samaki mbali na ziwa ananunua pia barafu. Bei ikishuka mno, barafu ilipunjwa mahali fulani, au samaki alikaangwa kulekule mwaloni ili asiharibikie njiani.

Hapo ndipo ukavu unapoanzia. Nyama ya samaki huiva upesi kuliko ya ng'ombe, kwa kuwa nyuzi zake ni fupi na hazikufungwa na tishu ngumu. Moto wa kwanza unatosha. Wa pili, hata ukiwa wa mchuzi, hukamua maji yaliyosalia.

Sababu nyingine ni zamu ya kuchagua. Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, ndiye aliyeleta viwanda vya minofu Mwanza, Musoma na Bukoba. Minofu husafirishwa Ulaya, mabondo, yaani vibofu vyake vya hewa, huuzwa China, na mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, hubaki kwa mnunuzi wa hapa. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi kwa hofu ya uvuvi wa sumu, ukaguzi uliimarishwa haraka ili kulirudisha soko hilo. Mlaji wa kando ya barabara hakuwa na mtu wa kumsimamia hivyo.

Afanyeje mwenye fedha kidogo? Kama samaki bado ni mbichi, atazame matamvua: mekundu ni dalili njema, ya kijivu ni onyo. Abonyeze nyama, ikirudi mahali pake, inafaa. Kama wote wamekwisha kaangwa, aulize dagaa. Dagaa hukaushwa juani, hivyo husafiri mbali bila barafu na bila kupoteza ladha. Waliokaushwa juu ya vichanja ni bora kuliko walioanikwa chini, ambao huja na mchanga.

Uchaguzi wa busara humsaidia mlaji mmoja, siku moja. Tukitaka dereva, utingo na mwenyeji wa Benaco wale samaki mzuri kila siku, barafu inayosindikiza minofu mpaka uwanja wa ndege isindikize pia samaki wa barabara ya Ngara. Ustadi wa kupika mama lishe anao tayari. Anachokosa ni samaki anayestahili ustadi huo.