Udongo Uliochoka: Namna ya Kuurudishia Rutuba, na Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua Mbolea ya Asili

Msimu wa kupanda unapokaribia, mifuko ya mbolea inayoitwa ya asili huongezeka madukani na kando ya barabara. Baadhi ya wauzaji huahidi kwamba shamba lililochoka litarudia hali yake ndani ya wiki chache. Udongo uliopoteza rutuba kwa miaka mingi hauponi kwa mfuko mmoja. Hupona taratibu, na sehemu kubwa ya tiba yake haiuzwi dukani. Katika makala haya tunaeleza yale ambayo mwananchi anaweza kuyafanya mwenyewe, na yale ya kuangalia anapolazimika kununua.

Dalili na kipimo

Udongo huchoka pale mazao yanapovunwa kila mwaka na mabua yake kuchomwa au kuondolewa, bila chochote kurudishwa. Ardhi hufanya gamba baada ya mvua, maji hutiririka badala ya kuzama, majani ya chini ya mahindi huwa ya manjano kuanzia nchani, na kiduha huota kati ya mistari.

Kabla ya kutumia fedha, tunashauri udongo upimwe. Chimba sehemu kumi hivi za shamba hadi kina cha sentimita 20, changanya udongo huo katika ndoo safi, kisha utoe nusu kilo ya kupeleka maabara. Vipimo vya udongo hufanywa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, Tanga, na katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Afisa ugani wa kata ataelekeza utaratibu. Kipimo huonyesha kiwango cha tindikali na upungufu wa fosforasi, kasoro mbili ambazo mboji peke yake huzirekebisha polepole mno.

Mboji ya nyumbani

Panga kwa matabaka majani makavu, majani mabichi, samadi na udongo kidogo, hadi lundo lifikie angalau mita moja kwa upana na kimo. Limwagilie liwe na unyevu bila kutota, ulifunike, na ulipindue kila baada ya wiki mbili au tatu. Chomeka fimbo katikati: ikitoka ya moto, lundo linafanya kazi; ikitoka baridi na kavu, ongeza maji. Kwa kawaida mboji huiva baada ya miezi mitatu hivi. Iliyoiva huwa nyeusi, hufumbuka mkononi, na hunukia kama udongo wa msituni.

Mikunde

Kunde, mbaazi, fiwi na marejea hushirikiana na bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi yake, nao huchukua naitrojeni kutoka hewani. Ng'oa mche mmoja kwa uangalifu na upasue kinundu: kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Marejea, inayofahamika sana mkoani Ruvuma, hupandwa kwa ajili ya udongo wenyewe. Hukatwa na kufukiwa inapoanza kutoa maua, kabla shina halijawa gumu. Mifugo isiachwe kuila, kwa kuwa baadhi ya jamii zake zina sumu, hasa katika mbegu.

Hata hivyo, mikunde haizalishi fosforasi. Ikiwa kipimo kimeonyesha upungufu wake na udongo una tindikali, unga wa mawe ya fosfeti yanayochimbwa Minjingu ni njia ya asili inayofaa.

Unapolazimika kununua

Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 inataka mbolea isajiliwe kabla ya kuuzwa, na muuzaji awe na leseni. Kwa hiyo hakikisha mfuko haujafunguliwa, na kwamba unaonyesha jina la mtengenezaji, namba ya usajili, uzito, kiasi cha virutubisho na maelekezo ya matumizi. Neno "asili" peke yake halithibitishi lolote.

Samadi au mboji mbichi huunguza miche, huleta magugu, na wakati wa kuoza huchukua naitrojeni ambayo mazao yangeitumia. Ipime kwa njia mbili. Kwanza, tia konzi moja yenye unyevu katika mfuko wa nailoni, uufunge kwa siku tatu, kisha unuse: ikinuka vikali, haijaiva. Pili, panda maharage kumi katika kopo lenye mboji iliyochanganywa nusu kwa nusu na udongo, na mengine kumi katika udongo mtupu. Miche ya kopo la kwanza ikidumaa au majani yake yakijikunja, usiitumie shambani. Huenda mboji hiyo ni mbichi, au imetokana na nyasi zilizopuliziwa dawa ya kuua magugu. Fanya majaribio haya kwa mfuko mmoja kabla ya kununua kumi.

Dai risiti na uihifadhi pamoja na mfuko hadi mavuno. Mbolea ikikutia mashaka, usiimwage wala usiimalize: weka kando sampuli, kisha utoe taarifa kwetu au kwa afisa ugani. Bila risiti na sampuli, malalamiko ya mnunuzi ni vigumu kuthibitishwa, na msimu uliopotea haurudi.