Jirani Aliyechafua Umeme Ni Yupi?

Fungua kabati la umeme la jengo la ofisi saa za kazi, na si ajabu ukakuta waya wa nyutro una joto zaidi kuliko nyaya tatu za fezi. Vyuoni tulifundishwa kwamba mizigo ikigawanywa sawasawa kwenye fezi tatu, nyutro haibebi kitu. Hilo ni kweli kwa pasi, jiko na balbu za zamani. Kompyuta, chaja na taa nyingi za LED hazivuti umeme hivyo. Huuvuta kwa mkupuo pale wimbi la volti linapofika kileleni, kisha hutulia hadi kilele kifuatacho.

Mfaransa Joseph Fourier, katika kitabu chake cha mwaka 1822 kilichohusu joto wala si umeme, alieleza namna ya kuchambua wimbi linalojirudia likawa jumla ya mawimbi laini. Chambua mikupuo hiyo kwenye gridi ya hezi 50, utapata wimbi la 50 lenyewe, halafu 150, 250, 350 na kuendelea. Hayo ya ziada ndiyo harmoniki. Ya tatu, yaani hezi 150, ni korofi: zile za fezi tatu zikikutana kwenye nyutro hazifutani, zinajumlishana. Nyutro inaweza kufikia mara 1.7 ya mkondo wa fezi, na kwa kawaida hakuna breka inayoilinda.

Hapo mwenye jengo anajiumiza mwenyewe. Ugomvi huanza harmoniki nyingine, ya tano na ya saba hasa, zinapopita kwenye transfoma na kwenye laini ya msongo wa kati. Kila zinapopita hupinda volti kidogo, na volti hiyo ndiyo anayopokea jirani. Mota zake hupata joto ingawa mzigo haujaongezeka.

Lawama huenda moja kwa moja kwa mwenye tanuri la kuyeyusha chuma au mwenye pampu zinazoendeshwa kwa inveta. Mara nyingi ni haki yake. Lakini mtazame jirani asiye na inveta hata moja. Bili yake inahesabu pia kVA, kwa hiyo amefunga kapasita ili kuinua pawa fakta. Tuseme transfoma yake ni ya kVA 1,000 yenye impidansi ya asilimia 5, na kapasita ni kVAr 400. Kwa transfoma hiyo nguvu ya shoti ni kVA 20,000. Gawanya kwa 400, unapata 50, ambayo kipeuo chake cha pili ni takriban 7: hiyo ndiyo namba ya harmoniki ambayo transfoma na kapasita huiitikia kwa pamoja. Bila kujua, amefungulia mlango harmoniki ya saba: ile inayozurura kwenye laini ya wote sasa inakimbilia kwake. Kapasita zinavimba, fyuzi zinakatika, na mita iliyo mpakani inaonyesha mkondo mkubwa wa hezi 350 ambao yeye hakuuzalisha. Mkaguzi mwenye haraka atamwandikia faini.

Kusema kweli, naye si malaika. Angeweka riakta ya asilimia 7 mbele ya kapasita, mwitikio ungeshuka hadi hezi 189, chini ya harmoniki ya tano, na mlango ungefungwa.

Kwa muda mrefu wahandisi walitegemea kipimo cha mwelekeo: nguvu ya harmoniki ikitoka kwa mteja, yeye ndiye mchafuzi. Mwaka 2003 Wilsun Xu wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, na wenzake walionyesha kwamba njia hiyo haiaminiki, kwa kuwa mwelekeo huo hutawaliwa zaidi na tofauti ya pembe kati ya vyanzo viwili, cha mteja na cha gridi, kuliko ukubwa wa vyanzo hivyo. Bado kuna ripoti zinazoandikwa kwa njia hiyo.

Kiwango cha IEEE 519 cha Marekani hakimtafuti mkosaji, kinagawa majukumu. Mteja anawajibika kwa mkondo anaoingiza, shirika la umeme kwa volti inayowafikia wote: upotofu usizidi asilimia 8 hadi kilovolti 1, na asilimia 5 kutoka hapo hadi kilovolti 69. Mteja aliye mkubwa kwa kulinganisha na nguvu ya shoti ya laini anabanwa kwenye asilimia 5 ya mkondo wake, na mdogo kabisa anaachiwa hadi 20. Naupenda mgawanyo huu. Mwenye nyumba na taa zake kumi hana la kujibu, taa hizo zilipaswa kukaguliwa bandarini.

Udhaifu wa mgawanyo huu ni kwamba nguvu ya shoti haikai palepale. Shirika likihamishia wateja kwenye laini ndefu na dhaifu, kiwanda kilichokuwa ndani ya kiwango jana kinakivuka leo bila kuongeza hata mashine moja. Kwa hiyo nguvu ya shoti iandikwe kwenye mkataba wa kuunganishwa, pamoja na vipimo vya wiki nzima vilivyochukuliwa kapasita zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa. Atakayebadilisha hali hiyo baadaye, awe mteja au shirika, ndiye alipie kichujio.