Herufi Tatu, ya Mwisho Irabu

Gazeti la kijiwe cha kahawa halina mwenyewe. Mmoja hulinunua asubuhi, na kufika adhuhuri limeshapita mikono kumi: ukurasa wa michezo umelowa kahawa, wa matangazo ya kazi umechanwa kipande, na ule wa chemshabongo una miandiko ya watu watatu. Bei ya gazeti si kero kijiweni. Kero ni yule wa kwanza aliyejaza mraba kwa kalamu ya wino, akakosea 3 Kulia, kisha akaenda zake kazini. Wanaomfuata hupambana na kosa lake mpaka alasiri.

Mchezo wenyewe hauhitaji maelezo marefu. Kuna visanduku vyeupe na vyeusi, namba, na orodha ya vidokezo. Maneno mengine huandikwa kwenda kulia (si kulia kwa machozi, ingawa nayo hutokea), mengine hushuka chini, na yanapokutana herufi moja hutumikia maneno mawili. Utamu wote uko kwenye njia panda hiyo. Kitendawili cha bibi ukikijua umekijua. Usipokijua huna pa kushika. Fumbo la gazetini hukupa pa kushika, yaani herufi ya jirani.

Mzazi wa mchezo huu ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyefanya kazi New York. Tarehe 21 Desemba 1913 gazeti la New York World lilitoa kwenye nyongeza yake ya Jumapili fumbo alilolitunga, lenye umbo la almasi, bila kisanduku cheusi kwenye njia ya maneno. Aliliita Word-Cross. Wiki chache baadaye mafundi wa chapa waliligeuza jina, likatoka Cross-Word, na hakuna aliyejisumbua kulirudisha. Mwaka 1924 vijana wawili waliokuwa wakianzisha kampuni ya Simon & Schuster walichapa kitabu kizima cha mafumbo hayo, kikiuzwa na penseli yake, na Marekani yote ikainama kujaza visanduku. The New York Times lililibeua jambo hilo kama upuuzi wa kupita. Lilishikilia msimamo mpaka Februari 1942, majuma machache baada ya shambulio la Pearl Harbor, wahariri walipoona kwamba wasomaji wangehitaji kitu cha kuwashughulisha katika saa za giza la vita. Aliyekabidhiwa ukurasa huo ni Margaret Farrar, mmoja wa wahariri watatu wa kile kitabu cha 1924.

Hayo ni ya Kiingereza. Kiswahili kilipovaa vazi hilo, lilibana mahali pengine.

Chukua mraba mdogo kabisa, visanduku tisa, tatu kwa tatu, bila cheusi hata kimoja. Kila mstari uwe neno na kila safu iwe neno. Mtungaji wa Kiswahili atatoka jasho hapo, na sababu ni moja: maneno yetu huishia kwa irabu. Mstari wa kwanza ukiishia irabu, wa pili irabu, wa tatu irabu, basi safu ya mwisho upande wa kulia ni irabu tupu kutoka juu hadi chini. Mstari wa chini nao ni hivyo hivyo, maana kila neno linaloshuka hutua kwenye irabu. Sasa litafutwe neno la herufi tatu lisilo na konsonanti. “Oa” lina mbili tu. “Ua” mbili. “Au” mbili.

Lakini lipo, na mraba wake ni huu:

M K E
K U U
E U A

Usome kulia au usome chini, maneno ni yale yale. Kidokezo cha kwanza: mwenzi wa mume. Cha pili: Kamusi ___ ya Kiswahili, iliyotolewa na BAKITA mwaka 2015. Cha tatu: takasa kwa uganga.

Mjazaji wa kawaida ataandika MKE na KUU bila kuinua kalamu. La tatu huenda hajawahi kulisikia maishani mwake. Hata hivyo, akiisha kuyaandika yale mawili kwa kushuka, E na U zimekwisha kukaa, na kisanduku kimoja tu cha pembeni kiko wazi. Irabu ziko tano. Ataikisia ipi? Hapo sarufi humshika mkono: kidokezo kinaamrisha, kwa hiyo jibu ni kitenzi, na vitenzi vyetu vyenye asili ya Kibantu huishia a. Anaandika A. Amepata neno asilolijua, na amelipata kihalali.

Jioni akifungua kamusi atakuta kwamba kueua ni kuondoa najisi au nuksi, kazi ya mganga. Akiendelea kupekua atafika kwenye “gangua”, nalo ni la waganga vile vile: kumfungua mtu aliyefungwa kwa uchawi. Ndipo methali aliyoisema mara elfu itakapomgeukia. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Kumbe waliosema hivyo walilitazama fumbo kama kitu cha kufungwa na kufunguliwa, kama hirizi. Neno liko mdomoni mwa kila mtu na wachache huliuliza lilikotoka, mpaka visanduku vya gazeti viwalazimishe.

Kwa sababu hiyo hiyo ya irabu, mtungaji mwenye busara huweka visanduku vyeusi hapa na pale kando ya mraba, ili miisho ya maneno isirundikane upande mmoja. Mjazaji mzoefu naye huigeuza kasoro kuwa faida. Kabla hajajua jibu, keshajua kwamba herufi ya mwisho ni moja kati ya tano. Ngeli humpa na za mwanzo: kidokezo kikisema “wanaotega nyavu baharini”, huandika WA papo hapo, kisha ndipo hufikiria wavuvi. Neno la herufi sita limebaki la nne kabla hajakuna kichwa.

Utajiri wa kweli wa Kiswahili, kwa mtungaji mjanja, uko kwenye maneno mafupi yenye maana nyingi. Kidokezo kikisema “hutembea upande, ama habanduki alipo”, herufi tatu, jibu ni KAA: wa pwani hutembea upande, na anayekaa habanduki. “Huvuja masika, hukimbia porini” ni PAA. “Mnyama anayekaliwa na mpishi”, herufi tano, ni MBUZI, kile kibao chenye meno ya chuma cha kukunia nazi. Katika sentensi ya kawaida upatanisho wa sarufi ungeondoa utata mara moja, maana aliyechinjwa ni mbuzi huyu na ya nazi ni mbuzi hii. Mtungaji hujificha nyuma ya kiambishi kinachofaa pande zote mbili, kama “hu-” ya mazoea, isiyojali ngeli. Inasikitisha kwamba vidokezo vya namna hii ni adimu magazetini. Vingi bado ni vya “kinyume cha refu” na “wingi wa kiti”, na mtu mzima huvimaliza kabla kahawa haijapoa.

Vile vinavyouliza mambo ya dunia hufundisha kwa njia nyingine, nayo ni kumkatalia mtu ujuzi aliozeeka nao. Mji mkuu wa Burundi? Waliosoma zamani huandika Bujumbura na kukuta visanduku vimewaishia njiani. Mraba unataka herufi sita, na jibu ni GITEGA, uliotangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa mwishoni mwa 2018. Mji mkuu wa Nigeria ni mtego mbaya zaidi. Lagos ina herufi tano na Abuja ina herufi tano, kwa hiyo visanduku havimwonyi asiyejua kwamba serikali ilihamia Abuja Desemba 1991. Atakayemwokoa ni jirani: neno linaloshuka likidai kwamba herufi ya mwisho ni A, Lagos inafutwa. Na mwenye sikio la Kiswahili angeshaitilia shaka ile S pale mwishoni.

Majibu mawili yanayotosha nafasi moja yaliwahi kugeuzwa kuwa kazi ya sanaa. Tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais Marekani, The New York Times lilichapisha fumbo la Jeremiah Farrell, mwalimu wa hisabati chuoni, lililouliza habari kuu ya gazeti la kesho yake. Jibu lilikuwa CLINTON ELECTED. Lilikuwa pia BOB DOLE ELECTED. Majina yote mawili yana herufi saba, na kila neno lililoyakata lilikuwa na njia mbili: mnyama mweusi wa Halloween aliweza kuwa paka, CAT, au popo, BAT. Wasomaji walipiga simu kwa hasira, wengine wakilalamika kwamba gazeti linampendelea Clinton, wengine kwamba limeshampa Dole ushindi. Kila mmoja alikuwa amejaza kwa usahihi.

Kiswahili kina ugomvi wake mdogo usiohitaji uchaguzi. Ng'ombe hukaa visanduku vingapi? Mwenye kuhesabu herufi atasema sita, N, G, O, M, B, E, lakini ile ritifaa itakaa wapi? Ikiachwa nje, ng'oa na ngoa vinaandikwa sawasawa. Mwenye kuhesabu sauti atasema ng' ni moja, kama ch ilivyo moja, hasa kwa kuwa C peke yake haina kazi katika alfabeti yetu. Gazeti likichagua utaratibu mmoja na kuufuata, mjazaji huzoea. Likichanganya, kelele za kijiweni huwa na haki kamili.

Wajapani waliukwepa mjadala wa aina hiyo, maana katika mafumbo yao kila kisanduku hubeba kana moja, yaani herufi ya Kijapani ambayo kwa kawaida ni silabi nzima. Mtu angedhani Waswahili nao wangeshika njia hiyo, kwani kuchezea silabi ni mazoea yao ya siku nyingi. Edward Steere alipochapa hadithi alizozikusanya Unguja, mwaka 1870, aliweka humo na mifano ya kinyume, ile lugha ya siri ambayo silabi ya mwisho huletwa mbele: kesho ikawa shoke, kahawa ikawa wakaha. Mraba wa silabi ungemaliza tatizo la irabu kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa karibu kila kisanduku kingebeba irabu yake. Ng'o ingekaa kisanduku kimoja kwa amani, na ka-ha-wa ingeenea vitatu. Mtungaji atakayethubutu atapata uwanja mpana.

Kimoja tu ndicho gazeti limeshindwa kukichukua kutoka kwenye vitendawili. Ukishindwa na kitendawili unatozwa mji, na mtegaji huusafiria kwa maneno na kujisifu huko kabla hajakupa jibu. Ukishindwa na chemshabongo husubiri toleo lijalo, peke yako, na pengine yule wa kalamu ya wino atakuwa amelinunua yeye. Basi kwa wenye mji wa kutoa, 7 Chini, herufi nne: hula matunda mtini, na kila Mei Mosi wafanyakazi humuulizia wa chini.