Je, Wajua? Namba ya Kiatu Haipimi Mguu Wako
Namba 42 iliyo ndani ya kiatu sokoni Uvira ni kipimo cha Kifaransa. Kila namba ni theluthi mbili za sentimita, hivyo 42 ni sentimita 28. Lakini huo ni urefu wa kalibu ya kushonea kiatu. Mguu unaoingia humo huwa mfupi zaidi. Chora nyayo zako zote mbili kwenye karatasi, kisha nunua kwa kufuata ule mkubwa.

Nenda jioni. Joto la ufuo wa Tanganyika na kutwa ya kusimama huvimbisha miguu, na kiatu kilichokaa vizuri asubuhi kinaweza kukubana kabla hujafika Kavimvira, sembuse Gatumba ng'ambo ya mpaka.

Halafu jaribu kuikunja soli. Kwa anayebeba mizigo kwa baiskeli katika bonde la Ruzizi, hili ndilo kubwa kuliko yote: soli laini huiacha pedali ibonyeze sehemu moja tu ya unyayo, na vidole hufa ganzi. Soli ngumu husambaza nguvu. Kisigino kisichomoke, vidole vipate nafasi ya kucheza. Ngozi hulegea kidogo kwa kuvaliwa, plastiki usiitegemee.