Damu ya Wajaluo Thelathini

Juzi pale Darajani jirani yangu kaniuliza: kwa nini selimundu imetuenea sana sisi watu wa pwani? Nikamwambia, aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu haugui, na tena hupata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana penye mbu wengi chembe hiyo ilidumu. Anayeirithi kwa baba na mama ndiye anayeteseka.

Sifa za ugunduzi huu hupewa Anthony Allison, aliyekulia Kenya, kwa makala yake ya mwaka 1954. Kastahili, hasa kwa vile wataalamu wengine walimbishia. Lakini mwaka 1946 Dk. Beet, huko Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, alikwishapima damu za watu: wenye chembe hiyo, asilimia 9.8 walikuwa na vijidudu vya malaria. Wasio nayo, 15.3. Nani anamtaja?

Na wale Wajaluo 30 je? Allison aliwaambukiza malaria kwa makusudi, wakiitwa watu wa kujitolea. Kati ya 15 wasio na chembe, 14 walionekana na vijidudu. Kati ya 15 wenye nayo, 2 tu. Jina la Allison limo vitabuni. La hata mmoja wao halimo.