Jina Lako Katika Daftari la Benki

Musonoi ni mtaa wa wafanyakazi wa mgodi mjini Kolwezi, Kongo, na enzi za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, mtu wa pale hakuwa na sababu kubwa ya kumgongea jirani mlango akitaka kukopa. Kampuni ilitoa nyumba, shule, hospitali na posho ya unga. Wazee wa Kolwezi husema mpaka leo kwamba Gécamines ilikuwa baba na mama. Kisha migodi ikaanguka, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango wa kuacha kazi ulioitwa wa hiari. Wengi walikuwa hawajaona mshahara kwa miezi mingi. Hapo ndipo kukopa kulipogeuka kuwa njia ya kuishi.

Mama anakopa unga dukani. Majirani wanacheza kilemba, yaani wanachangiana fedha, kila mwezi zamu ya mmoja kupokea. Mchimbaji analishwa na négociant, mnunuzi wa madini, anayemgharimia chakula na vifaa shimoni, naye hulipa kwa mawe yenyewe, kwa bei iliyopangwa na yule aliyemkopesha. Shida ikizidi, mtu anakimbilia Banque Lambert, yaani mkopeshaji wa mtaani: unachukua dola 100, mwisho wa mwezi unarudisha 150, na mara nyingine unamwachia kadi yako ya benki kama rehani. Mengi ya madeni haya hulipwa kwa uaminifu mkubwa, lakini hayaandikwi mahali ambapo benki inaweza kuyasoma. Mama aliyecheza kilemba miaka 10 bila kukosa zamu hata moja anaingia benki kama mgeni kabisa. Huo ni uonevu, na tumeuzoea mno.

Upande wa pili, kwa wenye mshahara, daftari lipo. Mwaka 2011 serikali ilianza kupitisha mishahara ya watumishi wake benki, na mwalimu mwenye akaunti hupata kwa urahisi mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Benki Kuu ya Kongo ina kituo chake, Centrale des risques, ambako wakopeshaji hupeleka taarifa za mikopo waliyotoa. Mkopeshaji huuliza kule kabla ya kutoa fedha. Mkopaji, ambaye jina lililoandikwa ni lake, ni nadra kuuliza.

Wakenya walijifunza kwa uchungu umuhimu wa kuuliza, na habari yao inatuhusu: benki ya TMB iliyozaliwa Lubumbashi sasa ni ya KCB ya Nairobi, na benki ya BCDC ilinunuliwa na Equity, nayo ya Kenya, mwaka 2020. Kenya ina kampuni za kumbukumbu za mikopo kama Metropol na TransUnion. Mikopo ya simu ilipofurika, watu wengi mno waliandikwa kuwa wadaiwa sugu, wengine kwa deni lisilotosha kununua mfuko wa unga. Aprili 2020 Benki Kuu ya Kenya ilikataza kumwandika mtu kwa deni lisilofika shilingi 1,000. Mkenya ana haki ya kupata ripoti yake mara moja kwa mwaka bila malipo, na Marekani mtu anaweza kuitazama kila wiki. Kujitazama hakumpunguzii mtu alama zake za mkopo. Ila ripoti hailipi deni, na taarifa mbaya nchini Kenya hubaki miaka mitano hata baada ya kulipa. Faida ya kutazama ni kukamata kosa mapema: mkopo usio wako, deni ulilomaliza likiwa bado linasomeka kama halijalipwa.

Kwetu kosa la namna hiyo lina mlango wake wa pekee. Mwalimu analipwa kwa faranga na amekopa kwa dola. Dola inapanda, makato ya mwezi wa mwisho hayatoshi, zinabaki dola mbili tatu ambazo hakuna aliyemwambia habari zake. Yeye anahesabu amemaliza, huku daftari likihesabu siku za kuchelewa. Kwa hiyo usitoke benki siku ya kumaliza mkopo bila barua yenye muhuri inayosema hudaiwi tena. Weka mkataba na karatasi za malipo, usifute ujumbe wa M-Pesa wala Airtel Money, na omba maelezo ya akaunti yako hata kama huna shida. Ukiwa umemdhamini mwenzako au umo katika kikundi cha kudhaminiana, fuatilia deni lake kama lako. Na mtu akikuambia ulipe ili akusafishie jina, mkimbie. Jina husafishwa kwa kulipa deni na kusahihisha kilichoandikwa vibaya.

Sheria ipo. Code du numérique ya Machi 2023 inampa Mkongo haki ya kujua taarifa zinazomhusu na kuomba zisahihishwe. Haki hiyo haijafika Musonoi, ambako wenye muda wa kuandika barua kwenda Kinshasa ni wachache. Benki Kuu na kampuni za simu zitoe namba fupi, mtu aipige hata kwenye simu ya vitufe, asome kwa Kiswahili deni gani limeandikwa kwa jina lake na nani ameliandika, bila kukatwa hata faranga moja.